Foleni ya Kambale

Baba alilaza bomba mwaka wa elinino,
mabomba mawili ya zege, mtoto anapita akiinama,
chini ya barabara ya Msaranga, kijito kinapokimbilia Rau.
Lori la ndizi likapita siku ileile.
Mjumbe akanywa mbege mpaka kofia ikamponyoka.
Baba akarudi nyumbani na saruji kwenye kope,
akasema: Limekaa.

Likakaa, kweli. Kijito ndicho kilichoondoka.
Masika kwa masika maji yalitoka bombani kwa kishindo,
yakachimba, yakachimba,
hata mdomo wa bomba ukabaki unaning'inia,
kwanza kisiginoni, halafu gotini,
mwishowe kwenye kitovu cha mtoto wa darasa la nne.
Kipimo kilikuwa mimi.

Chini yake kukawa na bwawa,
na bwawani, ee, kambale!
Sisi watu wa mlimani hatukulelewa kwa samaki;
bibi Ndeanasia alisema huyo ni nyoka aliyekosa adabu,
akahamisha ndizi zake upande mwingine wa moto.
Lakini tulivua: kwa ndoo, kwa khanga, kwa chandarua cha kliniki,
tukawauzia wapangaji waliotoka ziwani.
Walisongamana, masharubu kwa masharubu,
wote wametazama juu.
Tulisema: Mungu ametukumbuka.

Ilinichukua miaka ishirini na diploma
kujua kwamba ile haikuwa neema.
Ilikuwa foleni.
Walikuwa mlangoni, na mlango ulikuwa hewani.

Sasa penseli ninayo mimi.
Mwanzo nilikosea, nikayachorea maji.
Maji hayana shida; maji hupita hata tundu la sindano, ukiyasubiri.
Nikafuta. Nikamchorea mwenye mapezi,
mwenye pumzi fupi, mwenye mayai tumboni.
Upana: ukishinde kijito hata kikiwa kimeshiba.
Sakafu: izikwe, mawe yarudi juu yake, changarawe, tope,
mto usijue kwamba umeingia ndani ya nyumba.
Mteremko: uleule uliochaguliwa na mlima.
Na pembeni ukingo mkavu, wa kaa, wa vyura, wa kenge,
maana nao wana safari zao.

Bwana Lyaruu wa uhasibu aliuliza, kalamu hewani:
Kwani samaki wanalipa kodi?
Nikamwambia bomba limezibwa na takataka mara tisa,
barabara imekatika mara mbili,
na mama mmoja alijifungulia upande usio na hospitali.
Hiyo nayo, nani alilipa?
Akaguna. Akasaini kama mtu anayemeza kwinini.

Siku ya kung'oa, baba alikuja bila kuitwa,
fimbo, kofia ya sufu, magoti mabovu.
Niliogopa. Aliligusa bomba
kama mtu anayemgusa ng'ombe aliyekwisha kuuzwa.
"Lilikuwa limekaa," akasema.
"Lilikaa, baba."
Kisha akainama, akaokota jiwe,
jeusi, la mlimani, lenye vitundu,
akaliweka sakafuni mwa karavati jipya, akaligeuza, akaligeuza tena,
mpaka nyuma yake maji yakatulia kadiri ya kiganja.
"Hapa atapumzika," akasema.
Hakusema nani.

Masika yamepita. Bwawa limejaa mchanga.
Jana wavulana watatu walinisimamisha, chandarua begani,
wamenuna: Dada, umetumalizia kambale!
Nikaonyesha juu, migombani,
kijito kinakopotelea kuelekea wingu.
Hawakuniamini.
Mdogo wao akachungulia ndani ya karavati,
akaita jina lake mwenyewe kwa nguvu zote,
akategea sikio, akingoja limrudie.
Juu yetu bodaboda ikapita, na gunia la kahawa.
Akangoja.
"Limepita," akasema.